Kusamehe na Kunyamaza

Mwezi uliopita alitujia ofisini mama mmoja, mkulima, Mkristu wa miaka mingi, akiwa na shida ambayo twaamini si yake peke yake. Binti yake, mtoto wa miaka 13, alikuwa ametendewa uovu na mtu wa ukoo wao wenyewe, mtu mzima mwenye kuheshimika, ambaye kila Jumapili huonekana kanisani katika mabenchi ya mbele. Mambo yalipofichuka, wazee wa ukoo walikaa kikao. Mkosaji aliitwa, akakiri, akatozwa ng'ombe mmoja na mbuzi wawili. Kisha mzee mmoja akasimama, akamwambia mama huyo mbele ya watu wote: "Mama, wewe ni mtu wa sala. Yakupasa usamehe. Shauri hili limekwisha, wala lisitoke nje ya ua huu." Mama akanyamaza. Jumapili tatu akaenda Misa, lakini wakati wa Komunyo akabaki ameketi, kwa maana hakuona moyoni mwake ya kuwa amesamehe. Ndipo akatujia na maswali mawili: "Baba, nikienda polisi nitakuwa nimeuvunja msamaha? Na nisipokwenda, nitamwambia nini mwanangu?"

Tumebadili mambo kadha katika habari hii ili asitambulike, naye ametupa ruhusa ya kuiandika. Siku ile tulimjibu kwa maneno machache, maana watu walikuwa wakingoja mlangoni. Leo twataka kujibu kwa kirefu, si kwa ajili yake tu, bali kwa ajili ya wasomaji wetu wote. Kwani yule mzee hakuwa mtu mbaya. Alisema lile ambalo wengi wetu twalifikiri, nasi mapadre, tusifiche, pengine tumelihubiri.

Jibu letu kwa swali la kwanza ni hili: kwenda polisi si dhambi, wala hakuvunji msamaha. Tena, kwa kuwa aliyeumizwa ni mtoto, na kwa kuwa aliyemwumiza angali anazunguka katika nyua zenye watoto wengine, twasema bila kusitasita ya kuwa mama huyo alipaswa kwenda. Swali la pili ndilo zito zaidi, nalo tutalifikia.

Kosa la wengi ni kudhani ya kuwa kusamehe maana yake ni kusema jambo lililotendeka halikuwa kitu. Lugha yetu wenyewe yatusukuma huko. Twasema "yaishe", twasema "yaliyopita si ndwele", twasema "funika kombe mwanaharamu apite". Methali hizi zina hekima yake pale ndugu wawili walipotoleana maneno makali katika pombe, au jirani aliposahau kurudisha jembe. Huko, kweli, afadhali kombe lifunikwe. Lakini kuna yaliyopita ambayo bado ni ndwele, tena ndwele yenye usaha, na anayeifunga kidonda cha namna hiyo kitambaa safi bila kukiosha, hakumtibu mgonjwa. Amewatibu macho watazamaji. Mtu husamehe uovu. Jambo lisilo uovu halina haja ya msamaha. Basi anayeanza kwa kusema hapakuwa na uovu, amekwisha kuuondoa msamaha wenyewe.

Tufungue Injili ya Mtakatifu Matayo, sura ya 18. Hiyo ndiyo sura ambamo Petro amwuliza Bwana wetu amsamehe ndugu yake mara ngapi, akidhani saba zatosha, naye ajibiwa hesabu inayomshinda mtu kuihesabu: saba mara sabini. Kisha yafuata habari ya mtumishi aliyesamehewa deni la talanta elfu kumi, akatoka nje akamkaba koo mwenzake kwa dinari mia. Wahubiri wote twaipenda sehemu hiyo. Lakini ni wangapi kati yetu tuisomayo sura hiyo tangu mwanzo wake? Yaanza na mtoto mdogo aliyesimamishwa katikati ya mitume. Halafu Bwana wetu, mpole na mnyenyekevu wa moyo, atamka neno kali kuliko mengi aliyoyatamka: ya kwamba mtu amkosesheaye mmoja wa wadogo hao, ingemfaa zaidi afungwe jiwe la kusagia shingoni na kutupwa kilindini mwa bahari. Na kabla Petro hajauliza swali lake, Yesu amekwisha kufundisha utaratibu mzima juu ya ndugu aliyekosa: umwendee peke yako umwonyeshe kosa lake; asiposikia, uwachukue mashahidi; asipowasikia hao, jambo lipelekwe mbele ya Kanisa.

Haya yote yamo katika sura moja, nayo yametoka katika kinywa kimoja. Anayeamuru tusamehe pasipo kikomo ndiye aliyeamuru kosa litajwe wazi, mashahidi wasikilizwe, na wadogo walindwe. Wale wazee wa ukoo waliichukua nusu ya mwisho ya sura, wakaiacha ile ya kwanza. Tena nusu hiyo hawakujitwika wenyewe, walimtwika mama.

Wasomaji wetu wazee watamkumbuka Mtakatifu Maria Goretti, maana zamani jina lake lilitajwa sana katika mafundisho ya wasichana, na shule nyingi zimewekwa chini ya ulinzi wake. Twaomba tumtazame tena, maana twadhani habari yake imesimuliwa mara nyingi kwa upande mmoja tu.

Alizaliwa Corinaldo, nchini Italia, tarehe 16 Oktoba 1890, mtoto wa wakulima fukara. Kwa kutafuta riziki jamaa hao walihamia Le Ferriere, kusini mwa Roma, katika nchi ya mabwawa na malaria, wakalima mashamba ya bwana mwingine na kukaa nyumba moja na jamaa ya Serenelli. Malaria ikamwua baba mwaka 1900. Mama yake, Assunta, akashika kazi za shambani mahali pa mumewe, na Maria akabaki nyumbani kupika, kufua na kulea wadogo zake. Kijana wa nyumba ile, Alessandro Serenelli, mwenye umri wa miaka 20, alianza kumsumbua kwa maneno machafu, na akamtisha ya kuwa akimwambia mama yake atamwua. Mtoto akanyamaza. Twaomba msomaji asimame kidogo hapa. Kunyamaza kwa mara ya kwanza katika nyumba ile hakukutoka katika utakatifu. Kulitoka katika tishio la mkosaji.

Tarehe 5 Julai 1902, watu wazima walipokuwa nje wakipura maharage, Alessandro akamvuta ndani. Maria alipokataa, akamchoma mara 14. Alichukuliwa hospitali ya Nettuno, akapasuliwa, wasiweze kumwokoa. Kesho yake, kabla ya kupewa Komunyo yake ya mwisho, padre alimwuliza kama amsamehe aliyemwumiza. Akajibu ndiyo, tena kwamba ataka awe pamoja naye mbinguni. Alikufa siku hiyo hiyo, tarehe 6 Julai, akiwa bado hajatimiza miaka 12.

Mtu aweza kutuambia: "Mwaona? Hata yeye aliulizwa na padre, kama mama yule alivyoambiwa na mzee." Twajibu, tofauti ni kubwa mno. Padre wa Nettuno alimwuliza mtoto, hakumwamuru. Alimwuliza katika saa ya kufa, ambapo roho haina budi kutua mizigo yake yote. Tena alimwuliza wakati Alessandro alipokuwa amekwisha kukamatwa. Msamaha ule haukuwa malipo ya kumfungulia mtu mlango wa gereza. Mahakama iliendelea na kazi yake, ikamhukumu kifungo cha miaka 30, kwa sababu alikuwa hajafikia umri wa kupewa adhabu iliyo kubwa zaidi. Naye akakitumikia kwa miaka 27. Kama tujuavyo, katika habari zote za mtoto huyu hakuna mtu aliyesema ya kuwa kwa kuwa marehemu alisamehe, basi kesi ifutwe. Na Kanisa, lilipomtangaza Mwenye heri mwaka 1947 na Mtakatifu mwaka 1950, halikuona ya kuwa kifungo kile kimeupunguzia msamaha wake utukufu hata kidogo.

Twathubutu kusema zaidi: gereza lile lilikuwa sehemu ya njia ya huruma. Miaka ya kwanza Alessandro alikuwa mkali, hana majuto. Ndipo usiku mmoja, kama alivyosimulia mwenyewe, alimwota Maria akimpa maua meupe. Askofu wa Noto, huko Sisilia alikofungwa, alikwenda kumwona, na moyo wake ukageuka. Alipotoka mwaka 1929 alikuwa mtu mwingine. Je, angegeuka kama siku ile ya Julai wazee wa Le Ferriere wangekaa kivulini, wakamtoza ng'ombe, wakamwambia "limekwisha"? Mungu ndiye ajuaye, nasi hatuwezi kumwekea Mungu mipaka. Lakini twajua ya kuwa mtu huona ubaya wa tendo lake anapokutana na uzito wake, na anayemwondolea uzito huo upesi mno aweza kumnyima mlango wa toba.

Na Assunta? Huyu ndiye twamwona karibu sana na mama aliyekuja ofisini kwetu. Mjane, mwenye watoto wadogo, binti wake mkubwa amechinjwa ndani ya nyumba aliyolala kila siku. Alirudi Corinaldo, akawa mtumishi katika nyumba ya paroko. Miaka ikapita, mingi. Alessandro, baada ya kutoka kifungoni, akasafiri kwenda kumwomba radhi. Hakutuma mzee wa kumsemea, wala hakumtuma mtu na ng'ombe. Alibisha hodi mwenyewe, akajitaja jina, akaomba. Assunta akamjibu kwamba ikiwa Maria alimsamehe, na Mungu amemsamehe, yeye angewezaje kukataa. Wakaenda pamoja katika Misa ya Noeli, wakapokea Komunyo.

Msomaji ahesabu miaka iliyopita kati ya visu na Misa ile: zaidi ya 30. Hakuna aliyemharakisha Assunta. Twajua, Maria alisamehe kwa saa chache, na neema ya Mungu ina mwendo wake katika kila roho. Lakini tusichukue mwendo wa mtakatifu aliyekuwa akifa tukaufanya kiboko cha kumchapia mama aliye hai.

Wenye umri wa makamo watakumbuka na habari ya Papa Yohane Paulo II. Tarehe 30 Novemba 1980 alitoa waraka wake juu ya huruma ya Mungu, akafundisha humo ya kwamba msamaha haufuti madai ya haki, na ya kwamba kulipa uharibifu na kuridhia aliyekosewa ni sharti la msamaha kukamilika. Miezi haijatimia sita, tarehe 13 Mei 1981, akapigwa risasi katika uwanja wa Mtakatifu Petro na kijana Mturuki, Mehmet Ali Ağca. Siku nne baadaye, akiwa kitandani hospitalini, alitangaza ya kuwa amemsamehe. Desemba 1983 alimwendea gerezani Rebibbia, wakaketi na kuzungumza. Hata hivyo Ağca alikaa katika magereza ya Italia hata mwaka 2000, ndipo rais wa Italia alipompa msamaha wa kisheria, Papa mwenyewe akiwa ameridhia. Siku nne kwa msamaha wa moyo. Miaka 19 kwa kifungo. Mwandishi wa waraka hakuona mgongano wowote.

Sasa tuje kwenye moyo wenyewe, maana hapa ndipo mama yule alipoteseka bure. Alidhani hajasamehe kwa sababu akimwona mtu yule mwili wamtetemeka, na usiku hapati usingizi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, ikieleza sala ya Baba Yetu, yatuambia kweli hii ya faraja: haimo katika uwezo wetu kutoona tena uchungu wa kosa, wala kulisahau. Msamaha ni tendo la nia. Aliyesamehe ni yule aliyekataa kulipiza kisasi, asiyemtakia adui yake maangamizi, aliye tayari, hata kwa meno yaliyoumana, kumwombea apone roho. Kutetemeka kwa mwili si chuki. Mguu uliovunjika huuma hata baada ya kuungwa, na hasa siku za baridi, wala hakuna aitaye maumivu yake dhambi. Mama yule alikuwa amesamehe kwa kiasi alichoweza tangu juma la kwanza, maana alikuwa akimwombea. Angeweza kwenda Komunyo. Hakuna aliyemwambia.

Tena tuulize: wazee wale walisamehe nini? Mwenye kudai ndiye awezaye kufuta deni. Aliyekosewa ni Mungu, kisha ni yule mtoto. Mama ana sehemu yake ya uchungu, naye aweza kuisamehe hiyo. Lakini sehemu ya binti si yake kuitoa, sembuse ya ukoo! Na ng'ombe yule alikwenda zizini mwa nani? Twaambiwa hata sasa hajawa wa binti. Mbuzi mmoja aliliwa siku ile ile ya kikao. Hatuandiki haya kwa kuzidharau desturi za wazee wetu. Mabaraza ya ukoo yamepatanisha watu tangu zamani, na mwenyezi wa kalamu hii alikua chini ya kivuli chao. Lakini faini iliyoliwa na waamuzi haiwezi kuitwa malipizi.

Katika Sakramenti ya Kitubio yenyewe mambo ni hivyo. Padre hutoa ondoleo, na hutoa malipizi. Mwizi aungamaye ng'ombe wa jirani, na huku ng'ombe angali zizini mwake naye hana nia ya kumrudisha, hawezi kupewa ondoleo. Kila mtoto wa katekisimu ajua hilo. Ikiwa twashika sheria hii kwa ng'ombe, mbona twailegeza kwa mtoto?

Kanisa lenyewe limejifunza jambo hili kwa aibu. Katika nchi nyingi, kwa miaka mingi, wako mapadre waliowadhuru watoto, na wako wakubwa waliofunika, wakidhani wanalikinga jina la Mama Kanisa na kumhurumia ndugu yao. Waliodhurika waliambiwa wasamehe na wasali. Mwezi Mei 2019 Papa Fransisko alitoa sheria iitwayo Vos estis lux mundi, akiwafunga mapadre na watawa wote kutoa taarifa kwa wakubwa wa Kanisa wanapojua au kuwa na sababu ya kudhani ya kuwa uovu wa namna hiyo umetendeka, bila kuathiri wajibu wao kwa sheria za nchi. Ikiwa nyumba ya Mungu imekatazwa kufunika kombe, nyumba ya ukoo isijitafutie ruhusa.

Nayo sheria ya nchi yetu iko wazi. Tangu mwaka 1998 adhabu ya kubaka ni kifungo cha maisha, au kisichopungua miaka 30. Hesabu ile ile aliyopewa Alessandro. Kesi ya namna hiyo ni ya Jamhuri, wala ukoo hauna mamlaka ya kuifuta kwa mbuzi.

Twajua ya kuwa wako watakaosoma makala hii kwa furaha isiyo njema. Mtu aliyekosana na nduguye miaka minane kwa sababu ya mpaka wa shamba wenye mwembe mmoja atasema: "Gazeti limenipa haki." La hasha. Mwembe wako haukubakwa. Wewe ndugu, wenye kukuhusu ni ule mfano wa dinari mia. Nenda kamwamkie nduguyo kabla ya Jumapili, wala usijifiche nyuma ya mtoto aliyeumizwa.

Tumesalia na swali la pili la mama, la atakayomwambia mwanawe. Tulimshauri asianze na neno msamaha. Aanze kwa kumwambia: "Ulitendewa uovu, kosa si lako, nakuamini, nami sitanyamaza." Binti huyo ana maisha mbele yake, na Roho Mtakatifu ana wakati wake wa kumwuliza kwa upole, kama padre wa Nettuno alivyouliza. Siku atakapoulizwa, na awe anajua ya kuwa jibu ni lake mwenyewe.

Mama alikwenda polisi Jumatatu iliyofuata, kwenye dawati la jinsia na watoto, akisindikizwa na dada yake. Baadhi ya watu wa ukoo hawamsemeshi. Jumapili iliyopita tulimwona amepanga mstari wa Komunyo, binti yake nyuma yake. Baada ya Misa alitungoja nje, akatuambia kwamba kila jioni humwombea mtu yule Salamu Maria moja, lakini jina lake bado halimtoki kinywani. Husema tu "yule". Akauliza kama sala ya namna hiyo yafaa. Tukamwambia yafaa.